Dume Ndiye Aliyezaa

Famau alimleta ndani ya kopo la rangi,
kamnasua kwenye jarife, mkia bado umekaba uzi.
"Huyu akikauka ana bei," akasema. "Lakini tazama tumbo."
Nikatazama. Tumbo la baba, limevimba kama kiazi.
Redio yake nikampa bila malipo,
nikabaki na farasi wa bahari
asiyefika urefu wa kidole changu cha shahada.

Alizaa alfajiri ya Jumanne, tokeni za umeme zimekwisha.
Akajikunja, akajikunjua,
akawatema kwa mikupuo, na kila mmoja
ni herufi wau iliyotoroka juzuuni.
Barke alihesabu kwa kurunzi ya simu:
mia mbili na kumi na mbili.
"Ila mmoja huenda nimemrudia, baba. Alinitazama."

Bi Mwanajabu wa mlango wa pili alicheka hadi akakaa:
"Mume azae, nawe ulee! Dunia imekwisha."

Chakula chao lazima kiwe hai, na kidogo kuliko wao.
Mayai ya uduvi wa chumvi, ya kopo, ya ng'ambo,
elfu nne na mia tano.
Nililirudisha kopo rafuni kwa mikono miwili,
kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.
Ni Kaingu, anayekwangua chumvi Gongoni,
aliyenambia ile takataka ya kahawia
ambayo upepo huisukumia kingoni mwa mabwawa
si takataka.
Akaniletea pakiti ya majani chai, imejaa.

Chupa ya soda nikaikata kitako, nikaigeuza.
Hewa nikaitoa kwenye mashine mbovu ya kupimia presha:
mna pampu mle ndani, ndogo kama kokwa ya tende,
inakunywa betri kuukuu ya pikipiki
na kupumulia mpira wa dripu.
Usiku kucha, tiki tiki tiki,
nyumba nzima ikipimwa presha.

Siku ya tatu walianza kuelea.
Nuru ya dirisha iliwaita juu, wakameza hewa,
wakashindwa kuzama tena.
Nikalikata buibui kuukuu la Somoe,
nikaivisha ndoo.
Somoe yuko Dammam, analea mapacha wa watu.
Hilo la buibui sijamwambia.

Kisha Sabaki ukashuka na udongo wake,
bahari ya Malindi ikawa chai ya maziwa.
Boda hadi Mayungu, madumu mawili, mia tatu.
Nikachuja kwa leso, mara ya kwanza, mara ya pili,
na deni la dukani nikalihamishia ukurasa mpya.

Kuna mtu hunipigia kwa namba tofauti tofauti.
Anauliza wamefika gramu ngapi.
Namwambia bado.
Siku moja, kodi ikiwa mlangoni, nilinyamaza kidogo
kabla ya kusema bado.

Barke huandika hesabu ukutani kwa mkaa.
Hafuti ya jana; huiandika ya leo chini yake:
212
140
61
(hapa pana siku mbili alizokataa kuandika)
19
7

Baba yao yumo kwenye beseni la pili.
Ameushika ukindu, anatazama plastiki.
Hana habari nao; kazi yake aliimaliza siku ile.
Simlaumu. Kuzaa ni asubuhi moja tu.

Hawa saba sasa wana milia shingoni.
Wanashikana mikia, wanagombana, wanaachana,
na kila uduvi akipita wanainamisha vichwa,
wanapiga hesabu,
tk.

Jana Somoe alipiga, sauti ikikatika katika:
"Watoto wangu hawajambo?"
Tuna mtoto mmoja, lakini ndivyo anavyosema siku zote.
"Hawajambo," nikasema. "Wamekula."
Barke akaninyang'anya simu:
"Mama, wamebaki saba!"

Kimya, kutoka Dammam hadi Maweni.

"Saba gani?"

Nikaenda kubadilisha maji.